Simu Nilizopiga Kabla ya Ukaguzi

Mama yangu alikuja Maskati na cherehani. Wenzake walikuja na dhahabu, wengine na ufunguo wa nyumba ya Unguja mfukoni kama kwamba wiki ijayo wanarudi, mama kaja na cherehani la miguu, chuma kitupu, na mbebaji ni mie. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Bandarini likaniponyoka likaniangukia chini ya goti, kovu nnalo mpaka leo. Mama aliliangalia cherehani kwanza, alipoona halina kitu ndipo akaniuliza mguu vipi.

Tukapanga vyumba viwili mtaa wa Hamriya, akaanza kushona mapazia. Nguo hakuzitaka. Akisema mtu hunenepa akakurejeshea nguo akakutukana, lakini dirisha halinenepi. Mie skuli niliiacha darasa la nne, mwalimu na mie hatukusikizana, kwa hivyo kazi yangu ikawa kuendesha gari la mapazia. Njia za Maskati nilizijua kabla ya kuwa na majina. Siku hizi mnatazama simu inawaambia pinda kulia. Sisi tulikuwa tunapinda penye duka la mafuta ya taa.

Sasa miaka mingi baadaye, mama keshazeeka lakini bado anashona, ikaja oda ya mapazia meusi, mazito, tabaka mbili, ya afisi moja Madinat Sultan Qaboos. Nikayapeleka. Nikamuuliza bwana aliyenifungulia, "Mnafungua sinema?" Akacheka, akanipeleka ndani akanionesha kipande cha filamu juu ya taa. Nikaona mistari ya kijivu. Akasema ile ni picha ya bomba, pale lilipochomelewa, wanatazama ndani kama daktari anavyotazama mfupa. Nikamuuliza nani anapiga. Akasema makampuni hupiga, na mionzi yake inaua, na afisi hii kazi yake kuwaangalia wanaopiga. Halafu akaniuliza, "Hilo gari nani kakufunza kuendesha?" Dereva wao alikuwa kaacha kazi kafungua duka la matairi. Jumamosi nikaanza, na huyo bwana akawa ndiye mkubwa wetu mpaka mwisho.

Nyinyi madereva mlioingia baada yangu nimeambiwa mnauliza mzee Seif alifanya kazi gani miaka yote ile. Nilikaa nyuma ya usukani na mbele ya wakaguzi. Nayaandika hapa nnayoyajua. Kalamu yangu nzito, mtanivumilia.

La kwanza, beji. Siku ya kwanza nilipewa beji ya mionzi, kijisanduku kidogo cha kubana kifuani. Mie nikakitundika kwenye kioo cha gari, kinapendeza, kinabembea. Mwisho wa mwezi kikapelekwa kusomwa, wakaniita. Jua la Maskati limekipika, hakisomeki, na mie sijulikani nimepigwa na mionzi au sikupigwa. Beji inavaliwa kifuani, na ukitoka unairejesha kwenye ubao wake. Usiiache garini. Mke wangu aliniuliza ile beji inakinga? Nikamwambia haikingi chochote, inasema tu umeshaumia kiasi gani. Akasema basi kama mama yako.

La pili, mita. Kipima mionzi kinalia tik, tik, kwa utulivu, hata mahala hapana kitu, kwa sababu ardhi yenyewe ina mionzi yake. Msishtuke. Kikianza kulia kama mchele unaomwagwa juu ya bati, hapo mtu asimame.

Nchi yetu haina mtambo wa umeme wa nyuklia. Lakini tuna mafuta, tuna mabomba, tuna mahospitali, na kote humo mna mionzi. Ndiyo afisi ikawa inaleta wageni kutoka Ulaya, watu walioishi na mitambo ile mikubwa maisha yao yote, waje kutufunza ukaguzi. Na mgeni akija anapokewa na nani uwanja wa ndege? Na mie. Anapelekwa Nizwa na nani? Na mie. Njia ndefu, mgeni anazungumza, anayetafsiri anatafsiri, dereva ana masikio. Nimesoma hivyo.

Wa kwanza niliyemtia akilini alikuwa Bi Odile, Mfaransa, mama wa makamo, kiatu cha chini, sauti ya juu. Kwao umeme mwingi unatoka kwenye nyuklia, na akisema mkaguzi wao akishakagua mtambo huandika barua, na barua ile inawekwa hadharani, raia yeyote akitaka anaisoma. Nikasema moyoni, aibu ilioje! Bi Odile alikuwa hakatai kitu. Akitiliwa kahawa anakunywa, akikatiwa halwa anakula, anasifu, anauliza zafarani imetiwa kiasi gani. Halafu anafungua daftari anaandika makosa kumi na manne. Mwenye karakana moja alimwambia, "Lakini mama, umekula kwetu!" Akajibu, "Nimekula, ilikuwa tamu. Na mlango wa ghala lako haufungi."

Baada yake akaja Bwana Jukka, kutoka Finland. Huyu kinyume. Mrefu, mkimya, na chupa yake ya chai na mkate wake katika mfuko wa karatasi. Kahawa ya watu hakunywa hata tone. Wenyeji wakiudhika, mie nikiona haya badala yake. Alikuwa mkaguzi wa mtambo wa nyuklia kwao, na kwao wako wakaguzi wanaowekwa palepale mtamboni, kila siku wamo mule wanazunguka. Nilimuuliza kwa Kizungu changu cha barabarani, miaka yote hiyo pamoja nao, hukuwa rafiki na mtu? Akafikiri tangu Seeb mpaka Barka. Kisha akasema, "Nilikuwa na rafiki mmoja. Akahamia mtamboni kufanya kazi. Nikaacha kwenda kwake."

Alitueleza mengi yule. Kwamba kila nchi Ulaya ina afisi yake na desturi zake, wengine wakali kwa karatasi, wengine wakali kwa macho. Kwamba Wajerumani wameifunga mitambo yao yote, na Waaustria walijenga mmoja mzima, ukakamilika, halafu wakapiga kura kuwa hawautaki, na haukuwashwa hata siku moja. Mie nikamwambia hao wana akili, sisi tungeuwasha kwanza ndipo tukagombana. Kwamba wakaguzi wa nchi moja huenda kuwakagua wakaguzi wa nchi nyingine. Salma alipotafsiri hilo nikamuuliza, na hao wanaokagua wakaguzi, nani anawakagua? Bwana Jukka akasema, "Kila mtu mwenye macho." Na jambo alilolirudia sana, asubuhi na jioni, ni kwamba anayeuza umeme na anayelinda usalama wasilale nyumba moja.

Salma niseme sasa ni nani. Mkaguzi wetu, binti wa miaka ishirini na nane, wazee wake walitoka Tabora, Kiswahili chake cha nyumbani kizuri, akiniita ami. Alikuwa mwanamke wa pekee aliyekuwa akienda makarakanani, na wako waliosema hatodumu. Mwaka ule alikuwa bado katika muda wa majaribio, na Bwana Jukka alishamwandikia barua apelekwe kwao Finland kujifunza miezi sita. Kilichobaki ni saini ya mkubwa.

Sasa nifike kwenye jambo langu.

Ukaguzi wa ghafla maana yake mwenyewe hajui. Orodha ya mahala akiiandika Salma peke yake, anaifungia mezani. Asubuhi tukishatoka getini ndipo ananiambia, "Ami, leo mtaa wa Ghala," au, "Ami, leo Rusayl." Na mie, nikisimama kutia petroli, nikiwaacha wao ndani ya gari na ubaridi wao, natoa simu. Sijui kuandika haraka, natuma sauti tu. "Assalamu alaykum, nnakuja na wageni, wamo njiani." Basi. Siongezi.

Msinicheke. Nyumba ya watu huingii bila ya kubisha, na mgeni wa mbali humkalishi mbele ya meza tupu. Mwenye karakana akionekana hana kahawa wala tende, aibu ni yake na ya ukoo wake, na nusu yao ni watu wangu. Mie nikihisi namsitiri mwenyeji na namtukuza mgeni. Miaka kumi na moja nimefanya hivyo, tangu kwa wakaguzi waliokuwa kabla ya Salma, na kila tulipofika palikuwa pamefagiliwa, chupa ya kahawa ipo, halwa imekatwa. Nikifurahi. Nikisema, tazama watu wetu walivyo nadhifu.

Bwana Jukka hakufurahi. Siku moja tunarudi kutoka Sohar akamwambia Salma, "Karakana ya mabomba. Sakafu imepigwa maji, haijakauka. Halwa haijaguswa. Walitungoja." Salma akasema, "Labda bahati." Akasema, "Mara sita?"

Mie nikawasha redio.

Mnaweza kufikiri hapo ningeacha. Sikuacha. Nikajiambia Mzungu huyu hana adabu ya kula kwa watu, ataijua vipi adabu ya kukaribisha?

Wiki iliyofuata tukatoka. Salma akasema, "Ami, leo Rusayl, kwa Nassor." Nassor ni mtoto wa dada yangu, msimamizi wa karakana moja ya kupigia picha mabomba. Kwa huyo ndio nikaona wajibu zaidi. Petroli, simu, sauti. Akanirudishia palepale: "Ahsante, mjomba. Allah akuweke."

Tukafika. Kumetandikwa mkeka mpya. Salma akahesabu kamera zao, na kamera za kazi hii si za kupigia picha za harusi, ni kasha la chuma zito, ndani yake mna kidonge cha mionzi kama punje ya mpunga, kinatolewa kwa waya kinapiga picha kisha kinarudishwa. Kwenye daftari ziko tatu. Pale ziko mbili.

"Ya tatu iko wapi?"

"Iko Nizwa kazini," Nassor akasema, na jasho linamtoka, nami nikadhani joto.

"Karatasi ya safari?"

"Inakuja, dada. Hebu kunyweni kahawa kwanza."

Salma akaandika. Bwana Jukka kasimama mlangoni anakula mkate wake. Tukaondoka.

Njiani tairi la nyuma likaanza kupiga. Nikasema nipite Wattaya kwa yule dereva wa zamani mwenye duka la matairi. Pale mbele ya maduka ya magari mapya, kila kitu kinang'ara, nikaegesha ubavuni mwa pikapu nyeupe. Salma alikuwa na mita mapajani, hakuizima tangu Rusayl. Ikalia tik, tik. Halafu ikalia mchele juu ya bati.

Tukatazamana. Bwana Jukka akasema neno moja la kwao. Salma akasema, "Ami, rudi nyuma. Rudi nyuma sasa hivi!" Nikarudi nyuma mpaka karibu nigonge gari jipya la watu. Akashuka na mita mkononi, anatembea polepole kuielekea ile pikapu, anasimama, anasoma, anatembea tena. Ndani yake kuna kijana wa Kikenya namjua, Wafula, fundi wa Nassor, ana shawarma mkononi.

"Shuka! Acha hicho chakula, shuka, njoo huku!"

"Nini tena madam?"

"Umebeba nini nyuma?"

Akatazama nyuma, akatutazama sisi, akanitazama mie. "Hiyo kamera. Waya wake umekwama, hairudi ndani vizuri. Bosi alisema nizunguke nayo mpaka wageni waende. Sasa nimezunguka tangu asubuhi, njaa imenishika, nikaona nisimame tu kidogo."

"Beji yako?"

"Nimeiacha ubaoni. Si bosi alisema haraka haraka."

"Nani alimwambia kuwa tunakuja?"

"Alipigiwa. Simu iliingia, akapiga kelele tuanze kuficha. Nani aliyepiga, mimi sijui, madam. Wallahi sijui." Wafula Mkristo, lakini akiapa anaapa kama sisi Waislamu.

Yaliyofuata nyinyi mmefunzwa darasani. Mkanda wa manjano, watu wakasogezwa, duka la magari likafungwa, wauzaji wamevaa suti wanatuchungulia kwenye vioo. Wakaja mafundi na mikono mirefu ya chuma na magunia ya madini ya risasi ya kuzuia mionzi, kidonge kikarudishwa ndani ya kasha lake. Wafula alipelekwa hospitali. Kidonge hakikutoka chote, na kilikuwa nyuma ya gari na yeye mbele, hiyo ndiyo iliyomwokoa. Lakini kwa kuwa hana beji, hapana aliyejua kapigwa kiasi gani. Alitolewa damu kila wiki, na kila wiki alikuwa ananipigia: "Mzee, niambie ukweli, nitazaa?" Nikimwambia inshallah. Mie nitajua wapi? Mwisho madaktari walimwambia yuko salama. Hayo alikuja kuyasikia baada ya wiki saba.

Kesho yake mkubwa akamwita Salma. Orodha anaiandika nani? Mimi. Nani mwengine anaijua? Hapana. Basi habari imetoka kwa nani? Akamnyang'anya kitambulisho cha ukaguzi, akamweka chumba cha mafaili, na saini ya Finland ikasimama. Nassor alihojiwa, akasema simu ilitoka kwa asiyemjua, na ujumbe ameufuta. Alinisitiri, kama nilivyokuwa nikimsitiri. Jioni yake alinipigia, "Mjomba, we nyamaza tu. Mtu mzima na umri wako, utaharibiwa jina. Yule binti bado mdogo, atapata kazi kwengine."

Nikanyamaza. Siku tisa. Siandiki nionekane mwema, naandika yalivyokuwa. Kila asubuhi nafika, Salma anapita na faili kifuani, ananiamkia, "Sabahal kheri, ami," nami naitika. Siku ya nne aliniletea vileja alivyopika mama yake. Siku ya sita nikasikia watu wanasema chini kwa chini, lile suala la Tabora, watu wa bara hawa, hawajui kufunga mdomo. Na mie mwenye mdomo nimekaa pale nasafisha kioo.

Siku ya tisa nilimpeleka Bwana Jukka kutengeneza miwani. Tumekaa foleni ya gari pale Ruwi. Akasema, Kizungu cha polepole ili nifahamu, "Huyu binti ni mkaguzi mzuri. Alipoielekea ile gari hakukimbia, na hakuwa na pupa. Kwetu ningempa mtambo mzima." Halafu, "Bwana Seif, siku zile sita, kila mara tulisimama petroli. Gari hii inakunywa sana?"

Alijua. Sijui tangu lini. Wala hakumwambia mtu. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Nina dhana, sina ushahidi. Mkaguzi haandiki dhana. Na ilikuwa juu yako kusema."

Nikageuza gari palepale, wakanipigia honi Maskati nzima. Miwani hakupata.

Tukaingia chumba cha mkubwa. Nikasema naomba Salma aitwe. Akaja na vumbi la mafaili mikononi. Nikasema, "Simu nilikuwa nikipiga mie. Miaka kumi na moja. Kwa Nassor na kwa wote. Huyu hana kosa." Nikaifungua simu nikaiweka mezani, zile sauti zangu zimo, sikuzifuta, sijui hata kufuta. Mkubwa akaibonyeza moja. Tukanisikia: "Assalamu alaykum, nnakuja na wageni." Sauti ya furaha, kama naenda harusini.

Mkubwa, bwana yule yule wa mapazia, akaisukuma simu upande wangu. "Yakhe Seif. Hii si hujuma, hii ni ukarimu umepotea njia. Umebakisha miezi mitano tu ustaafu. Tutaandika chanzo hakikujulikana, binti arudi kazini kwake, weye uendeshe gari, yaishe."

Nikamtazama Salma, nikifikiri atakubali, maana kitambulisho chake ndicho hicho kinarudi. Uso umemgeuka.

"Bwana mkubwa, ikiandikwa hakikujulikana, mimi nitabaki ndiye ninayejulikana. Na Wafula bado anatolewa damu. Iandikwe ilivyo." Kisha akanigeukia. "Siku tisa, ami. Nimekula chakula cha mchana na wewe siku tisa."

Nikaomba karatasi. Salma akaniwekea na kalamu, akakaa mbele yangu, kikaguzi, mgongo umenyooka. Nikaandika kwa herufi kubwa za darasa la nne, siku gani, karakana gani, nani niliyempigia, mpaka mkono ukauma. Ilichukua kutoka adhuhuri mpaka alasiri. Alikuwa akiniuliza, "Na hii, uliwaambia saa ngapi?" na nikijibu. Hakunisaidia neno hata moja, wala hakunikaripia. Salma alipomaliza kuisoma, mkubwa akamrejeshea kitambulisho chake, naye akakibana kifuani, na hapo hapo akatia saini chini ya karatasi yangu, mkaguzi fulani, tarehe fulani. Safari ya Finland alikwenda. Yuko huko sasa hivi ninavyoandika, ana miezi miwili mtamboni, naambiwa kahawa anajinunulia mwenyewe.

Wakati ule Bwana Jukka alisimama akanipa mkono. Mkubwa akasema, "Kaa, Seif, tuzungumze hiyo miezi mitano." Nikavua beji nikaiweka juu ya meza pamoja na ufunguo wa gari, nikamwambia tairi la nyuma kulia lile la Wattaya lataka kutazamwa tena, nikashuka ngazi. Gari lilikuwa juani pale getini, kioo cha dereva nilikiacha wazi. Sikulifunga. Nikalipita, nikavuka barabara, nikashika njia kwa miguu.